Barua Niliyoichapa Dhidi ya Kocha Uwizeye

Sehemu ya nne

Wiki iliyopita niliwaacha uwanjani. Mwalimu Nolasco, kocha wetu wa miaka tisa, alikuwa amevua filimbi shingoni na kumkabidhi mkuu wa chuo, baada ya vijana wa Bukoba kutufunga pointi sabini na moja kwa thelathini na nane. Aliondoka kwa miguu, begi begani, mashabiki wakimsindikiza kwa wimbo wa kumfukuza. Wimbo ule niliutunga mimi.

Nilidhani aibu yangu ilikuwa imefika mwisho. Kumbe ndiyo kwanza ilikuwa inavaa viatu.

Kwa anayeanza kunisoma leo, jina langu ni Privatus. Nina duka la steshenari mbele ya geti la Chuo cha Ualimu Nyamihanga, huku Kyerwa, barabara ya kwenda Murongo, mpakani. Nachapa barua, natoa kopi, napiga picha za pasipoti. Juu ya hayo, mimi ni katibu wa mashabiki wa Enjojo, timu ya kikapu ya chuo. Enjojo ni tembo kwa Kinyambo, na sisi mashabiki tulijiona tembo kuliko hata wachezaji wenyewe.

Nolasco alipoondoka, chuo kikatangaza nafasi ya kocha mkuu. Waliomba wengi, wakabaki wawili.

Wa kwanza alikuwa Placidius, mtu wa Bukoba. Amechezea klabu za Mwanza, ana vyeti, ana gari, ana miwani ya jua anayoivaa hata mvua ikinyesha.

Wa pili alikuwa Lameck Uwizeye, mwalimu wa sekondari kule Kimuli. Uwanja wake ni wa udongo, na pete ya goli aliichomelea mwenyewe. Mwaka jana timu yetu ya akiba ilikwenda kucheza na wanafunzi wake mechi ya kirafiki. Ilirudi imefungwa, tukasingizia upepo.

Placidius nilimjua kwa simu tu. Uwizeye nilimjua tangu tunatambaa. Kibanja chao cha migomba na chetu kule Songambele vinapakana, na baba zetu walikata omukago. Walichanja ngozi karibu na kitovu, wakapasua tunda moja la kahawa, kila mmoja akapaka damu yake kwenye buni na kumpa mwenzake ameze. Watu waliofanya hivyo hawanyimani, hawasemani vibaya, na watoto wao wanairithi ahadi hiyo wapende wasipende.

Mimi niliirithi. Sasa sikilizeni nilivyoitumia.

*

Alhamisi moja asubuhi Uwizeye aliingia dukani kwangu na karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Katibu, habari za hapa."

"Nzuri, Lameck. Vuta kiti."

Kabla hajakaa vizuri, akatoa mfukoni kifurushi cha jani kavu la mgomba. Ndani zilikuwamo kahawa za kutafuna, zile zinazochemshwa na maganda yake na kukaushwa. Akachagua moja, akaipasua kwa kucha ya dole gumba. Buni moja akatia mdomoni, nyingine akaniwekea kiganjani.

"Hii ni ya wazee," alisema.

Tukatafuna.

"Nichapie barua ya maombi ya ukocha," akasema. "Na unisahihishie. Wewe ndiye unayekijua Kiswahili cha ofisini."

Nilichapa. Barua ilikuwa nzuri, fupi, haina majigambo. Nilirekebisha nukta mbili tu.

"Najua una mtu wako," alisema nilipokuwa namkabidhi. "Sikuombi unipigie debe. Nakuomba usinisemee vibaya, basi."

"Mimi nikusemee vibaya kwa lipi?"

"Basi, yameisha," akacheka, akaaga.

Ndugu zangu, wakati nauliza swali hilo, buni yake ikiwa bado inanikwaruza meno, mimi nilikuwa nimeshaahidiwa. Juzi yake Placidius alinipigia simu.

"Nikiipata timu, Katibu, wewe ndiye meneja wangu. Utakaa benchi na mimi. Suti ya michezo nakuletea, mgongoni imeandikwa MENEJA."

Naandika haya na masikio yananiwaka moto. Nina miaka arobaini na mitatu, nina watoto watatu, na nilishindwa kulala vizuri kwa ajili ya suti ya michezo. Lakini lazima mjue jambo moja. Tulipokuwa sekondari, mimi na Uwizeye tulikuwa timu moja. Yeye alicheza. Mimi miaka minne nilikaa benchi nikiwashikia chupa za maji. Sikuwahi kuingia hata dakika za kumalizia.

Nilitaka benchi lenye cheo. Hiyo ndiyo sababu, na sina nyingine nzuri zaidi ya kuwapa.

*

Hapa kwetu mashabiki ndio wanaolisha timu. Enjojo wakiingia kambini, kila kaya ya shabiki inaleta mkungu wa ndizi. Ndiyo maana mkuu wa chuo, Madam Benadeta, alituita bwaloni Jumapili baada ya ibada.

"Mnaoilisha timu mna haki ya kusikilizwa," alisema. "Kila kaya imekuja na mkungu wake wa kambi. Mkimaliza kujadili, anayemtaka Placidius auweke dirishani. Anayemtaka Uwizeye auweke mlangoni. Nitahesabu mikungu, sitahesabu midomo."

Apolinary, mwendesha bodaboda wa Murongo, alikuwa wa kwanza kusimama.

"Mimi nasema Placidius. Timu kubwa inataka mtu aliyeona uwanja wa mbao. Huyu wa Kimuli atatufundisha kufukuza mbuzi."

"Wanafunzi wake wakipiga mitupo huru kumi wanaingiza minane," alijibu Mama Agnetha, mwenye kantini ya chuo. "Wenu wanaingiza mingapi? Mimi nahesabu, maana nikiwa nakaanga nawaona."

"Mama Agnetha, kikapu si maandazi."

"Maandazi yangu angalau yanaingia mdomoni. Mipira yenu inagonga ubao inarudi."

Bwalo zima likacheka. Apolinary akakaa.

Mzee mmoja wa Songambele akasema kocha asiyelala hapa hawezi kujua nani ana malaria na nani amegombana na mchumba wake. Mwingine akajibu kuwa tunatafuta kocha, hatutafuti mganga. Dada mmoja akauliza kama Uwizeye ana cheti chochote. Akajibiwa kuwa cheti chake ni pointi kumi na mbili alizotuzidi. Kelele zikapanda.

Nikasimama kama katibu. Nikakohoa kikatibu.

"Ndugu mashabiki, tuache hisia. Tutazame sifa za mwombaji. Placidius ana uzoefu wa ligi."

"Atahamia hapa?" aliuliza Mama Agnetha.

"Atakuja Ijumaa, atakaa mpaka Jumapili."

"Na Jumatatu mpaka Alhamisi nani atafundisha?"

"Kutakuwa na meneja wa timu."

"Meneja nani?"

Nilikohoa tena. Safari hii hakikuwa kikohozi cha ukatibu. Watu wakatazamana, halafu wakanitazama mimi, halafu mtu mmoja nyuma akasema taratibu, "Aaa." Bwalo zima lilikuwa limeelewa.

Tukaanza kupiga kura. Watu walijitwika mikungu, wengine dirishani, wengine mlangoni. Mke wangu Sperancia ndiye aliyeubeba wetu kutoka nyumbani. Nikamwonyesha dirisha kwa kidevu. Akanipita kama hanijui, akautua mlangoni.

"Sperancia, kibanja kile ni chetu wote," nilimnong'oneza.

"Ni chetu wote," alisema, "ila mgongo uliobeba ni wangu."

Mlangoni mikungu thelathini na minne. Dirishani kumi na tisa.

"Nimewasikia," alisema Madam Benadeta. "Kesho nampa Uwizeye barua ya kazi."

*

Ningetoka pale nikaenda kumpongeza mwenzangu, mfululizo huu ungeishia hapa, nanyi mngesoma mambo mengine. Mimi nilikwenda kufungua duka siku ya Jumapili.

Simu ya Placidius ilinikuta mlangoni.

"Nimesikia," alisema. "Umeshindwa na mikungu ya ndizi."

"Wamenizidi, kocha."

"Wewe si mtu wa mpakani? Jina lenyewe Uwizeye, na wewe katibu mzima unakosa la kusema?"

Akakata simu. Hakusema zaidi, wala hakunilazimisha. Nisije nikamsingizia.

Anayeishi huku anajua uzito wa maneno hayo. Kuna watu Kyerwa wamelima kibanja kimoja miaka sitini, wamelipa kila mchango, wamezika kila mtu wao hapo hapo. Siku mtu akiuliza tu, kwa sauti ya chini, kwamba hivi hawa wametoka wapi, wanaanza kutafuta hati ambazo babu zao hawakupewa. Wanaishia kuwaonyesha maofisa makaburi yaliyomo migombani.

Babu yake Uwizeye alivuka mto wa mpakani akiwa kijana, zamani za mkoloni. Baba yake alizaliwa Songambele. Yeye alizaliwa huku. Nilijua yote hayo kuliko mtu yeyote katika chuo kile.

Nikawasha kompyuta.

Sikuandika uongo hata mmoja. Nataka mlijue hilo, kwa sababu ndilo nililojifariji nalo. Niliandika maswali, manne kwa idadi. Jina hili ni la ukoo gani hapa kwetu? Je, chuo cha serikali kimejiridhisha? Mambo ya namna hiyo. Mwisho nikaweka "Raia Mwema".

Nakala moja nilipenyeza chini ya mlango wa ofisi ya mkuu wa chuo. Nyingine niliipeleka mwenyewe kwenye sanduku la maoni wilayani, kesho yake, nikiwa nimevaa shati la kanisani.

*

Uwizeye alifundisha siku mbili. Jumatano nilikuwepo uwanjani, nimekaa jukwaani na mashabiki, napiga makofi. Kweli vijana walikuwa wamebadilika. Walikuwa wanarudi kulinda bila kupigiwa kelele.

Wakaja maofisa wawili wa uhamiaji. Walikuwa watu wa heshima, walisubiri pembeni mpaka zoezi likaisha. Wakaongea naye kwa sauti ndogo. Uwizeye akaitikia kwa kichwa, akavua filimbi, akampa nahodha.

Kwa wiki chache tu nilikuwa nimewaona makocha wawili wakivua filimbi ile, na wote nimewavua mimi.

Akaambiwa asimame kazi kwanza. Wazazi wake wote ni marehemu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikatwa akiwa mtu mzima, kama vya wengi huku, kwa hiyo akatakiwa alete watu wawili wanaojua kuzaliwa kwake, wale kiapo.

Kundi letu la WhatsApp likachafuka. Wale wa mikungu ya mlangoni walikuwa wa kwanza kunywea.

Apolinary akaandika: "Jina lile mimi lilinitia shaka tangu mwanzo."

Mama Agnetha akaandika: "Bibi yangu mzaa mama naye alivuka. Nianze kufungasha?"

Baada ya muda nikaona Apolinary amefuta ujumbe wake. Mimi nikaandika: "Ndugu mashabiki, tuwe watulivu, tuviachie vyombo husika vifanye kazi yake." Nikapigiwa makofi na watu kumi na mmoja. Niliyahesabu makofi hayo, na kila moja liliniuma.

Nikampigia Placidius. Nilitaka angalau nisikie kwamba nimepata kile ambacho kwa ajili yake nilimuuza mtu.

"Katibu," alisema, "mimi nimeshachukua timu Mwanza. Mambo yenu ya barua na maofisa sitaki kuyasogelea."

"Na suti?"

Naapa kwamba niliuliza hivyo. Maneno yalitoka kabla sijayashika.

"Wewe bwana," akasema, akakata.

Hapo Enjojo hawakuwa na kocha wa vyeti wala kocha wa udongo, na mashindano ya vyuo yalikuwa yamebakiza wiki tatu.

*

Asubuhi ya Alhamisi mama yangu alishuka kwenye bodaboda mbele ya duka langu. Mama yangu, Renatha, ana miaka sabini na sita. Haji Nyamihanga ila kwa msiba au harusi. Nusu ya watu wa rika langu pale Songambele walitua duniani kwenye mikono yake, maana alikuwa mkunga kabla zahanati haijajengwa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Washa mashine."

"Kuna nini, mama?"

"Lameck, mtoto wa Uwizeye, amekuja kwangu jana. Anatafuta mtu wa kusema alizaliwa wapi. Nani mwingine, kama si mimi niliyempokea? Andika."

Alikuwa anasema kwa Kinyambo, mimi nabadilisha kuwa Kiswahili cha ofisini.

"Andika kwamba mimi Renatha nilimpokea Lameck kwa mikono hii, nyumbani kwao Songambele, msimu wa kuchuma kahawa. Baba yake alizaliwa kijiji hicho hicho. Umeandika?"

"Nimeandika, mama."

"Ongeza. Sema aliyeandika ile barua ameniita mimi mwongo kabla hajanisikia. Kama mama yake yu hai, nampa pole."

"Hilo si lazima, mama. Ofisi haihitaji."

"Ofisi haihitaji, nahitaji mimi. Andika."

Niliandika. Nilichapa neno kwa neno, kwenye kompyuta ile ile.

"Sasa nisomee," alisema.

Nikasoma. Nilipofika kwenye pole, sauti ikanikatika.

"Una mafua?"

"Vumbi la karatasi."

Akaweka dole gumba kwenye wino, akaligandamiza chini ya maneno yale. Halafu akakaa kwenye kiti cha wateja, akanitazama kwa upole, upole ambao afadhali angenichapa.

"Baba yako angefurahi," alisema. "Angeona wana wa omukago hawajaachana. Lameck amesema shahidi wa pili ni wewe."

Sikuwa nimeulizwa. Nilikuwa nimetajwa tu, kama mtu anavyomtaja nduguye bila kumwomba ruhusa.

Msiniulize kwa nini sikupiga magoti pale pale dukani. Nilikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa nusu umefungwa, mama yangu peke yake mbele yangu, wino bado haujakauka. Ningesema, angelia, angenitukana, yangeisha. Nikamwuliza kama atakunywa chai.

*

Ijumaa saa nne asubuhi tulikuwa wilayani, ndani ya chumba chenye meza moja na viti vinne. Uwizeye alikuwa amevaa koti la harusi yake. Aliponiona alisimama, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Asante, Katibu. Nilijua utakuja."

"Tuko pamoja," nilisema. Sijui nilitoa wapi ulimi wa kulitamka hilo.

Afisa alikuwa mama wa makamo, mtu wa Singida, hana hata miezi sita huku kwetu. Hakuwa mkali. Alimpa mama yangu kiti kizuri zaidi, akamwuliza kama jua halimpigi.

Alisoma maelezo ya mama, akaitikia kwa kichwa. "Haya yamenyooka," alisema. "Yakithibitika, mimi sina tatizo na huyu bwana. Leo hii anarudi kwenye timu yake."

Uwizeye akashusha pumzi. Na mimi nikashusha yangu. Kwa dakika moja niliamini kwamba Mungu amenipitishia mlango wa nyuma, kwamba mwenzangu ataokoka na mimi sitajulikana.

"Ila utaratibu," afisa akaendelea, "shahidi lazima asikie malalamiko yenyewe, ajue anajibu nini. Mama anasikia Kiswahili cha maandishi?"

"Kidogo, waitu," alisema mama kwa heshima ya kwetu. "Cha sokoni nasikia."

Afisa akafungua jalada. Akatoa karatasi niliyoijua kuliko sura yangu. Akanisukumia mimi.

"Wewe ni katibu, na ni mwanawe. Msomee, kisha umtafsirie kwa lugha yake. Taratibu, asipitwe na kitu."

Nikaishika. Ilikuwa nyepesi sana.

Nikasoma swali la kwanza, nikalitafsiri. Mama akatikisa kichwa, akasema mjinga ameandika. Nikasoma la pili. Mama akasema huyo hajui hata makaburi yako wapi. Nikasoma la tatu, kuhusu chuo cha serikali. Mama akauliza mtu anayeandika namna hii alilelewa na nani.

Swali la nne sikuwatajia nilipowasimulia nilivyoandika. Niliona aibu, nikaliruka. Sasa hakuna pa kulirukia.

Jumapili ile maswali matatu yalionekana mepesi. Yangeweza kuandikwa na mtu yeyote mwenye chuki. Nikataka moja lenye uzito, moja linaloonyesha kuwa mwandishi anajua. Nikachukua kitu nilichokijua.

"Swali la nne," nikasoma. "Je, si kweli kwamba mama yake alishikwa na uchungu akiwa ng'ambo, alikokwenda msibani, akawahi kuvuka tu, na mtoto akazaliwa Murongo, kwenye kibanja cha watu, na wala si Songambele?"

Uwizeye aligeuka. "Murongo? Nani kasema Murongo?"

Hakuwa anajua. Hakuwahi kuambiwa. Mama yake aliogopa, na zamani zile palikuwa na sababu ya kuogopa, akaomba isemwe Songambele, na Songambele ikasemwa hadi anaingia kaburini.

"Tafsiri," alisema afisa.

Nikatafsiri. Nilijaribu kuyapunguza maneno, lakini Murongo haipunguziki.

Mama yangu hakutikisa kichwa safari hii.

Afisa alikuwa ameweka karatasi mbili sambamba, barua na maelezo, kidole kimoja huku, kingine kule. Sauti yake ilikuwa bado ya heshima, ila imepoa.

"Mama, hapa umeweka dole gumba kwamba ni nyumbani kwao Songambele. Hapa kuna mtu anasema Murongo, na anaonekana anajua mambo ya ndani. Nikigundua shahidi amedanganya kwenye kiapo, siwezi kumsaidia huyu bwana. Na wewe mwenyewe nitashindwa kukusaidia. Ni wapi?"

Mama hakumwangalia. Alikuwa ananiangalia mimi, kwa namna anavyoangalia tundu la sindano, jicho moja limefinywa kidogo. Nikaangalia meza. Nikasikia anaanza kuongea Kinyambo, taratibu, bila hasira yoyote.

"Privatus. Siku ile Murongo, tukitoka msibani, tulikuwa wawili, mimi na marehemu mama yake. Marehemu hakumwambia mtu, hata mumewe aliyekuwa safarini. Mimi nilisema mara moja tu maishani, siku tuliyomzika, jikoni, mlango umefungwa. Nilimwambia mtu mmoja."

Kinyambo Uwizeye anakijua kama mimi. Nikasikia kiti chake kikirudi nyuma, halafu nikamwona amesimama, mikono imening'inia tu.

Afisa akachukua kalamu, akageuza ukurasa mpya.

"Mama amesema nini, Katibu?" aliniuliza. "Nitafsirie, niandike."